Randa ya Igombe: kutu ilikuwa shida ndogo kuliko zote

Randa yenyewe ni Record namba 05, zile za chuma zilizotengenezwa Sheffield kule Uingereza, urefu inchi 14, kisu upana inchi 2, ukiishika ni kilo mbili na kidogo. Mwenye mali ni mzee mmoja anaunda mitumbwi Igombe, pembeni ya Ziwa Victoria hapa Mwanza. Ilinifikia hapa Igoma ndani ya kiroba cha sembe, kaileta mpwa wake, na maagizo yalikuwa mafupi tu, "mjomba kasema itoe kutu ing'ae." Naiandika hii kesi kwa urefu maana kazi za namna hii zinakuja nyingi siku hizi, watu wanarithi vifaa vya wazee, vinakaa stoo mpaka vinakuwa vyekundu, alafu siku wakivikumbuka kitu cha kwanza kuwajia kichwani ni grenda. Msimamo wangu nautoa mapema kabisa: kwenye randa hii kutu ilikuwa shida ndogo kuliko zote. Kilichoiumiza ni misaada.

Tuanze na ilikotoka. Ubavuni upande wa kushoto kuna herufi zimegongwa, E.A.R. & H., nusu ya hiyo H imeliwa na grenda ila inasomeka. Hiyo ni East African Railways and Harbours, lile shirika la 1948 lililokuwa linaendesha treni na meli za ziwani mpaka 1969 mambo ya reli na ya bandari yalipotenganishwa. Kwa hiyo hii ilikuwa mali ya karakana, na mzee anasema baba yake aliipata kwa seremala wa meli aliyestaafu hapahapa Mwanza, na inaendana. Record wenyewe walianza kutoa randa 1931, umbo lao ni lile la Bailey, mbunifu wa Kimarekani, ambalo kampuni ya Stanley ya hukohuko Marekani ilinunua haki zake 1869, na hii siyo historia ya kupambia maneno, ina faida: kisu cha Stanley cha inchi 2 kinaingia humo bila ugomvi, so ukikosa spea ya Record hujafa.

Alafu ikaja 2020, wote tunakumbuka ziwa lilivyojaa likameza fukwe. Banda la mzee liliingia maji, sanduku la vifaa likakaa ndani ya maji, na mwenyewe alikuwa anahangaika na mbao na mitumbwi ya wateja, nani akumbuke randa. Ilipokuja kutolewa imeshakuwa nyekundu mwili mzima. Ila hapa kuna jambo watu hawaliweki akilini: maji ya ziwa ni baridi, hayana chumvi. Chuma kilichozama baharini Dar au Tanga kinachimbwa mashimo, chumvi inaingia ndani kabisa. Hiki cha ziwani kilikuwa na kutu ya juujuu, nene kweli, lakini ukikwangua kwa ncha ya kisu unakuta chuma kizima chini. Mashimo ya kweli yalikuwa sehemu moja tu, pale kisu na lile bati linalokaa juu yake vinapokutana, kwa sababu pale unga wa mbao ulibanwa ukabaki na unyevu muda wote.

Kama ingeletwa ikiwa hivyo hivyo ingekuwa kazi nyepesi. Lakini mpwa, kwa nia njema kabisa, aliipeleka kwanza kwa fundi mmoja wa mageti. Huyo bwana akaipiga grenda na diski ya msasa, tumboni na ubavuni, akanoa na kisu kwa grenda hiyohiyo. Inang'aa kweli sehemu alizogusa. Na kila alipogusa pameharibika.

Nilichokiona baada ya kuifungua yote, skrubu moja moja, ni hiki. Kisu kina mstari wa bluu upana wa milimita kama tatu kutoka kwenye makali. Bluu kwenye chuma cha kisu maana yake kimepata joto kama nyuzi 300 hivi, ugumu umeondoka, na hapo hata ukinoa mpaka kinyoe ndevu, mbao mbili tu kimelala. Nilijaribu na tupa: sehemu yenye bluu tupa inang'ata, ukisogea nyuma tupa inateleza. Tumbo la randa, yaani ule uso wa chini unaoteleza kwenye mbao, lina bonde mbele ya mdomo, ukiweka rula ya chuma na kuangalia kwenye mwanga unaona jua linapita, na fila geji (kile kibati chembamba cha kupimia uwazi) ya nusu milimita inaingia bila kusukuma. Mpini wa nyuma umekatika shingoni, umewahi kugundishwa na kufungwa nailoni ya nyavu. Kile kirungu cha mbele hakipo kabisa, kuna bolti tupu.

Na kuna la mwisho ambalo nusura lipite. Kwenye kona ya mdomo niliona kamstari keusi, kanaweza kuwa mkwaruzo tu. Hapa kuna njia ya kizamani ya mafundi wa injini: unapaka mafuta ya taa, unaacha yanywee, unafuta mpaka pakauke kabisa, alafu unapaka vumbi la chaki. Kama ni mkwaruzo chaki inabaki nyeupe. Kama ni ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka taratibu yanachora mstari juu ya chaki. Nilikaa nimeinama pale naangalia, chaki ikabaki nyeupe kwanza, baadaye mstari mwembamba wa unyevu ukaanza kwenye kona ukatembea kuelekea ubavuni, kama sentimita moja, ukasimama. Ufa. Randa hii iliwahi kuanguka, na kasti, yaani chuma cha kumimina kwenye kalibu, ikianguka juu ya jiwe haipindi, inapasuka, na Mwanza mawe hatujawahi kuyakosa.

Sasa hapo nina randa yenye kutu, kisu kilichokufa ncha, tumbo lenye bonde, ufa, haina mipini, na maagizo yanasema ing'ae.

Ningeweza kufuata maagizo. Watu wengi wangefuata, unatoa kutu, unapuliza rangi ya bluu ya kopo, unapiga picha, unalipwa. Mpwa alikuwa ameshanionyesha kwenye simu video za jamaa wa nje wanasugua randa mpaka unajiona usoni, akasema "kaka nataka hivi." Nikamwambia twende nikaongee na mzee mwenyewe, maana randa haina ubora wa peke yake, inategemea inapigwa kwenye mbao gani na kwa kazi gani.

Igombe nilimkuta mzee anapima mbao za ubavu wa mtumbwi. Nikaamkia, "Shikamoo mzee wangu," akaitika, akanisogezea kigoda. Nikamuuliza hii randa ilikuwa inafanya kazi gani. Hakunijibu kwa maneno, alinionyesha rundo la mbao za mninga. Zimepasuliwa kwa chensoo porini, na anayejua mbao za chensoo anajua: huku nene, kule nyembamba, alama za mnyororo zimekaa mshazari mwili mzima, kuna sehemu ina nundu ya karibu nusu sentimita. Fundi wa mtumbwi anatakiwa kuziweka sawa kwa unene kabla hajaanza hata kufikiria kuzikunja kufuata mkuku. Akasema, "Ng'wanawane (mwanangu), mimi sitengenezi kabati. Ile ya baba ilikuwa inakula. Hii ndogo ya dukani inalamba tu." Ile ndogo ya dukani ni randa fupi mpya aliyonunua mjini, ana pia ya mbao aliyojitengenezea ya kumalizia kingo, pale ambapo mbao mbili zinakutana na kukalafatiwa kwa pamba, hapo ndo panataka unyoofu.

Hiyo sentensi moja, ilikuwa inakula, ilibadilisha kesi nzima. Namba 05 kiasili ni randa ya kati, unaweza kuitega iwe ya kusawazisha kwa ukali au unaweza kuitega ilainishe kiasi. Ya lainisho inataka tumbo nyoofu, mdomo mwembamba, kisu kilichonyooka. Ya kula inataka kisu chenye mzingo, mdomo mpana maranda mazito yapite, na tumbo lake likiwa na bonde la nusu milimita wala hutajua. Kwa hiyo lile bonde ambalo mimi nilikuwa naliona janga, kwa kazi ya mzee halikuwa na uzito wowote. Kulisawazisha kwa mkono ningetoa nusu milimita ya kasti kwenye uso mzima, tumbo lenyewe nyembamba, na nyembamba zaidi palepale penye ufa. Kuipeleka kwenye mashine ya kusagia ingebidi ibanwe kwa nguvu, na kitu chenye ufa ukikibana unajua mwenyewe. Tukakubaliana: hainyooshwi. Mpwa hakufurahi, ila mjomba akishasema kasema.

Kuhusu kutu sasa. Hapa mtaani njia inayopendwa ni maji ya betri, unazamisha unatoa kinang'aa. Ni tindikali ya salfa ile, inakula kutu na ikimaliza inaendelea na chuma, kasti inabaki na uso wa vinyweleo vinavyokaribisha kutu mpya wiki inayofuata, achilia mbali macho yako na mapafu. Siki ni ya upole zaidi, kwa vitu vidogo naitumia, lakini nayo ukiisahau inang'ata. Molasi pia inafanya kazi, wale wafugaji wanaoipata kwa ajili ya ng'ombe wanaweza kujaribu, sehemu moja molasi sehemu tisa maji, ila ni jambo la wiki kadhaa na inanuka.

Mimi nilitumia umeme na magadi. Magadi haya haya ya kulainishia makande, sokoni fungu unalipata kwa hela ya soda. Kilichomo ni sodiamu kaboneti na baikaboneti, yanafanya maji yapitishe umeme bila kukila chuma. Ndoo ya plastiki, maji, kijiko cha chakula cha magadi kwa kila lita tatu nne, kuzidisha hakuna maana. Pembeni ya ndoo unasimamisha vipande vya nondo kuzunguka, vyote vimeunganishwa waya mmoja kwenda chanya ya chaja ya betri ya gari, volti 12. Randa inaning'inia katikati haigusi nondo yoyote, imefungwa kwenye hasi. Hapo usikosee hata kidogo, ukigeuza waya randa ndo inayoliwa na nondo zinapona. Chaja iwe ile ya zamani isiyo na akili, hizi mpya zinazojipima zikikosa betri zinakataa kuwaka.

Unapowasha mapovu yanaanza kutoka kwenye randa. Hayo ni haidrojeni, inalipuka, kwa hiyo kazi inafanyika nje uwanjani, sigara mbali, na chaja unaichomoa ukutani kwanza kabla hujagusa kitu. Na kingine ambacho nimeona watu wanafanya, wanatumia kijiko au sufuria ya stenlesi badala ya nondo kwa sababu haiishi haraka. Acha kabisa. Stenlesi ina kromu, ukiipitishia umeme hivyo inatoa kromu ya sumu kwenye maji, na maji hayo utayamwaga wapi, kwenye mfereji unaoshuka ziwani.

Umeme ulikatika katikati kama kawaida, haina shida, ikirudi inaendelea ilipoishia. Njia hii ina uzuri mmoja, haina haraka ya kumaliza chuma, kutu ikiisha basi. Nikitoa, kutu imegeuka tope jeusi linafutika kwa brashi kama masizi ya sufuria, chini yake kasti ya kijivu ya asili na zile herufi za reli zimesimama wima. Rangi ya bluu ya kiwandani iliyokuwa imeshika imebaki, iliyolegea imeondoka, na nilikataa kupuliza nyingine juu yake. Magadi yetu ya kienyeji yana chumvichumvi ndani, kwa hiyo nasuuza sana, mara ya mwisho na maji ya moto ili chuma kipate joto kijikaushe chenyewe, alafu mafuta papo hapo. Ukienda kupokea simu ukarudi unaikuta imeanza wekundu tena, hasa masika.

Kisu na lile bati lake sikuviweka kwenye ndoo. Kisu ni chuma kigumu chembamba, sipendi kukijaza haidrojeni kikawa rahisi kuvunjika, nikakisafisha kwa siki kwa muda mfupi, msasa na mafuta ya taa. Kwenye ile bluu kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kukichoma upya: unakipasha kwenye moto wa mkaa mpaka sumaku ikatae kukishika, unakizamisha kwenye mafuta, kinakuwa kigumu cha kuvunjika, alafu unakirudisha kwenye joto dogo mpaka rangi ya majani makavu, kama nyuzi 220, unakiacha. Inawezekana, mhunzi mzuri anafanya akiwa anaongea na wewe. Ila kisu hiki bado kirefu, kimebaki na nyama nyingi mbele ya lile tundu refu la skrubu, kwa hiyo nikachagua njia ya pili, kukikata nyuma mpaka nipite bluu yote, na kwa bahati hapohapo nikapita na yale mashimo ya kutu mgongoni mwa kisu. Mashimo yakifika kwenye makali kila shimo ni pengo. Nilikata kwa jiwe la kuzungusha kwa mkono, kidole kimoja kiko kwenye chuma muda wote, kidole kikishindwa kuvumilia kisu kinaingia majini. Hiyo ndo siri ya kunoa bila kuchoma.

Alafu mzingo. Nilichora duara la nusu kipenyo sentimita 25 kwenye katoni, nikakata, nikaliweka mbele ya kisu na kufuata na maka peni. Kwa upana wa inchi 2 hiyo inafanya pembe za kisu zirudi nyuma milimita moja na robo kuliko katikati. Inaonekana kidogo sana lakini ndo kazi yote: katikati kinazama, pembe hazikwaruzi mbao, unatoa maranda mazito katikati na membamba pembeni na mkono hauchoki kwa sababu hukati upana wote kwa mara moja. Mteremko wa makali digrii 25, na kwenye jiwe la maji nikamalizia kwa 30. Lile bati la juu nimelirudisha nyuma milimita mbili kutoka kwenye makali, lazima lizidi ule urejeo wa pembe, vinginevyo bati litachungulia mbele ya kisu pembeni na randa haitakata, itasukuma. Na kile kitako kinachobeba kisu nimekirudisha nyuma mpaka kikawa sawa na ukingo wa mdomo, mdomo ukafunguka.

Tumboni nilifanya kidogo sana, msasa namba 80 juu ya kioo kinene, kutoa tu zile ngozi za chuma zilizoachwa na grenda na kuhakikisha mbele na nyuma vinakaa usawa mmoja, nikaua kingo kali kwa tupa. Ubavu wenye herufi sikuugusa.

Ufa umebaki. Nimeulizwa na watu wawili watatu mbona hukupiga weldingi. Kasti ikipigwa weldingi ya kawaida ikiwa baridi, pembeni ya mshono chuma kinapoa ghafla kinakuwa kigumu cha kioo na ufa mpya unaanza hapohapo pembeni, utafanya kazi ya kukimbizana. Kuichomea kwa shaba kunawezekana, lakini lazima mwili wote upashwe taratibu na upoe taratibu kwenye majivu, na kitu chembamba cha inchi 14 kikipashwa hivyo kuna hatari kipinde. Kwa ufa wa sentimita moja ambao umekaa hapo miaka, hapana. Nimegonga kinukta kidogo kwenye ncha ya ufa, ukivuka kile kinukta ndo tutaongea mengine. Na nimemwonyesha mpwa asikaze kupita kiasi kile kibanio cha juu cha kisu, wengi wanakaza utadhani gurudumu la lori, kinatakiwa kisu kisicheze tu lakini bado uweze kukisogeza kwa gurudumu lake.

Mipini ndo sehemu niliyoifurahia. Mzee alitoa mwenyewe kipande cha mninga kilichobaki kwenye mtumbwi. Kwenye mpini wa nyuma nyuzi za mbao zinatakiwa zilale sambamba na tumbo la randa, ukizisimamisha wima ile pembe ya juu na ile miguu ya chini vinavunjika kwa kofi moja. Bolti ndefu inayopita katikati ndo inayoshikilia shingo. Mzee ana kiganja kikubwa kuliko cha yule Mwingereza aliyechora mpini wa kwanza, nikamwambia akamate udongo wa mfinyanzi kwa nguvu kama anapiga randa, nikachukua vipimo hapo, mpini ukaongezeka urefu na unene kidogo pale mkunjo wa kidole gumba unapokaa. Unga wa mninga unawasha pua na kwa wenye pumu ni balaa, kwa hiyo barakoa. Kirungu cha mbele nimekifanya kifupi na kipana, siyo kile kirefu cha kiwandani, kwa sababu ubavu wa mtumbwi ukishasimama anapiga randa ikiwa imelala ubavu, mkono wa mbele unasukuma kwa kiganja, haushiki. Finishi ni mafuta ya linsidi tu, vanishi inateleza mkono ukitoa jasho.

Bolti ya mpini iligoma kwanza, ikanyweshwa mafuta ya taa mpaka ikalegea, ila nyuzi zake zilikuwa zimeisha. Na hapa tahadhari: nyuzi za bolti za randa hizi za zamani hazifanani na za bolti zetu za milimita, ukichukua ya M6 dukani na kulazimisha kwa spana utapasua kikombe cha kasti chini. Fundi wa kerezo Nyakato alinakili ile ya zamani, bei ilinishtua kidogo kwa kitu chenye urefu wa kidole, lakini ndo hivyo.

Sasa lile ombi la mzee, ambalo kwenye maagizo ya mpwa halikuwepo kabisa. Anataka kamba. Akiwa anamalizia mtumbwi ukiwa majini au pembeni ya mawe, kitu kikiponyoka kimeenda. Yeye wazo lake lilikuwa nitoboe tundu ubavuni. Nikamwomba tusitoboe, kasti ina ufa tayari na tundu jipya ni sehemu nyingine ya kuanzia ufa. Mpini wa namba 05 una skrubu fupi mbele, kwenye ule mguu wa mpini, mbali na bolti ndefu. Nikakata bati la shaba upana wa kidole, tundu moja linakaa chini ya hiyo skrubu, ncha nyingine imekunjwa juu na pete. Kamba ya nailoni ya wavuvi inaingia kwenye pete, ncha ya pili inafungwa kiunoni au kwenye taruma. Haichimbi chuma popote, na kuitoa ni bisibisi tu. Kwangu hili ni jambo la maana kuliko mng'ao wowote, kwa sababu kilichoipasua mara ya kwanza ni kuanguka.

Majaribio tulifanya Igombe kwenye mbao yenye nundu kubwa kuliko zote. Mzee hakupiga kwa urefu, alianza mshazari, kukatiza nyuzi, maana mninga nyuzi zake zinapishana na ukienda nazo moja kwa moja kwa kisu kinachokula kwa kina utang'oa vipande. Maranda yalitoka mafupi, mazito, mekundu, nundu ikaisha wakati mpwa bado anatafuta angle ya video. Baadaye akapiga kwa urefu kupunguza mabonde ya mzingo, akachukua ile randa yake ya mbao kumalizia. Uso unaoachwa na hii Record peke yake siyo mzuri, una mawimbi ukipitisha kiganja, na anayetaka kuitumia kwa meza au kitanda atalalamika, kwa haki. Tumbo lina bonde mbele ya mdomo, haiwezi kukandamiza nyuzi zisichanike. Hiyo ndo bei ya kile alichofanya yule fundi wa mageti na hairudi.

Mpwa bado anaona tumeiacha mbaya. Ana hoja moja nisiyoipuuza, kwamba kama ingerudi kwenye hali ya kiwandani ingeuzika, wapo watu wanakusanya randa za Sheffield. Ila kwa ufa ule na H iliyoliwa, mkusanyaji angempa hela ya chakavu iliyochangamka, na mzee angebaki na ile inayolamba. Tumekubaliana kitu cha katikati: anatafuta kisu cha pili cha inchi 2, cha Stanley au Record chochote, nikinoe kikiwa kimenyooka, ili siku akitaka aone inafanyaje kwenye mbao laini kama paini. Kwenye paini pengine itamridhisha. Mpaka sasa amezunguka soko la Mlango Mmoja na hajakipata, alicholetewa ni cha inchi 2 na robo ambacho hakiingii, na muuzaji anasisitiza kisagwe pembeni kwa grenda.